Beleshi Ndilo Linalokula Dakika: Hotuba juu ya Vifaa vya Kumtoa Mtu Chini ya Theluji

(Maandishi ya hotuba kwa vijana wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda kusoma na kufanya kazi za uwandani katika nchi za theluji.)

Assalaamu alaykum. Wazee wetu mliotutukuza kwa kufika, walimu, na nyinyi vijana ambao mabegi yenu yameshaanza kufungwa, karibuni.

Kijana wa hapa akiambiwa anakwenda Norwei, Austria, Uswisi au Kanada, jambo la kwanza familia inalolishughulikia ni koti. Baridi ndiyo hofu ya kila mama. Ni kweli baridi inaumiza, lakini mwanafunzi wa jiolojia, wa barafu, wa hali ya hewa au wa umeme wa maji atapandishwa mlimani kuchimba mashimo ya kukagua theluji, na huko mlimani kitu cha kuogopwa ni theluji yenyewe inapokatika na kuteremka. Asubuhi ya siku ya kwanza mtakabidhiwa vitu vitatu: transiva (kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa), ufito wa kuchomea theluji na beleshi. Mtasaini karatasi, mtaonyeshwa kwa haraka, kisha safari inaanza. Haraka hiyo ndiyo iliyotufanya tukuiteni hapa mapema.

Tuanze na kinachoua. Theluji hulala kwa matabaka. Tabaka gumu likilala juu ya tabaka dhaifu, hugeuka bamba, na bamba hilo hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mara nyingi anayelikata ni mtu mwenyewe kwa uzito wake, wala si kelele kama filamu zinavyotuonyesha. Baadhi ya wanaokufa huuawa na miti na mawe wanayogongeshwa njiani. Walio wengi hufa kwa kukosa pumzi: theluji huingia mdomoni na puani, kifua hubanwa, na pumzi anayoitoa humrudia mwenyewe. Mvuke wa pumzi hiyo huganda mbele ya uso na kuwa ganda la barafu lisilopitisha hewa.

Takwimu za Uswisi zilizochapishwa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya waliofukiwa kabisa walikuwa hai wakitolewa ndani ya dakika 15, na kwamba kufika dakika ya 35 waliobaki hai walikuwa takriban 30 kwa mia. Hesabu mpya iliyotoka mwaka 2024, iliyofanywa kwa ajali za Uswisi za kuanzia 1981 hadi 2020, imeipunguza ile nafasi ya mwanzo: sasa inasemwa ni dakika 10. Helikopta haiwezi kupigiwa simu, kuruka, kufika na kuteremsha watu ndani ya dakika 10, hata katika nchi tajiri kiasi gani. Kwa hivyo mwokoaji wako ni yule mnayetembea naye, na wewe ni mwokoaji wake. Beleshi zuri lililomo begini mwako ni haki ya mwenzako. Mwenye vifaa duni hajipunji nafsi yake peke yake.

Sasa transiva. Ni kifaa kidogo cha kuvaa kifuani, kinachotuma mapigo ya mawimbi kwa kilohezi 457, takriban pigo moja kila sekunde. Kikigeuzwa upande wa kutafuta, huacha kutuma na kuanza kusikiliza wenzake. Cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1968 na mhandisi John Lawton, kikitumia kilohezi 2.275. Kwa miaka mingi vifaa vya aina mbili vilikuwa sokoni, na mwenye hiki hakuweza kumsikia mwenye kile, mpaka jumuiya ya kimataifa ya uokoaji wa milimani ilipokubaliana juu ya 457 mwaka 1986. Vya leo ni vya kidijitali na vina antena tatu, moja kwa kila mwelekeo. Ukipewa cha zamani chenye antena moja, hata kama kinawaka na kulia vizuri, kirudishe uombe kingine. Masafa ya mawimbi yake huenda yameshahama kidogo kutoka 457, na kifaa kipya cha mwenzako kikashindwa kukusikia.

Namna ya kukivaa haina mjadala. Kinafungwa kwa mikanda yake, chini ya koti la juu, au kinatiwa kwenye mfuko wa suruali wenye zipu na kamba ya kukishikiza. Hakitiwi begini, kwa sababu poromoko humvua mtu begi, na wenzake wakaja kulichimbua begi. Simu, kamera, saa za kisasa, glavu za umeme na hata karatasi ya foili ya chokoleti huchafua mawimbi. Unapotuma, vitu hivyo vikae angalau sentimita 20 mbali na transiva. Unapotafuta, sentimita 50. Wengi huikumbuka 20 na kuisahau 50, kisha wanatafuta mtu huku simu iko kwenye mfuko wa kifuani na namba kwenye kioo zinarukaruka bila ya maana.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, kundi lote hupimana. Kiongozi anaweka chake upande wa kupimia, mmoja mmoja anapita mbele yake na kila anayepita asikike. Kisha kiongozi anarudisha chake upande wa kutuma, na mmoja wenu anahakikisha kuwa naye anasikika. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa, na matokeo yake kiongozi anaweza kushinda mlimani kutwa nzima akiwa katika hali ya kutafuta, yaani hatumi chochote.

Sasa tuseme mtu amefukiwa. Kabla ya kukimbia, kumbukeni mahali alipoonekana mara ya mwisho, maana atakuwa chini ya hapo kwa upande wa mtiririko. Tazameni juu: kuna bamba jengine linaloweza kuteremka? Kama pana usalama, wote wageuze transiva upande wa kutafuta. Mmoja akisahau, mtamtafuta yeye badala ya aliyefukiwa. Mkiwa wengi, mmoja apige simu papo hapo; nchi nyingi za Ulaya namba ni 112. Ukiwa peke yako, usizamie kwenye simu isiyo na mtandao, anza kutafuta.

Hatua ya kwanza ni kuipata ishara. Mnashuka kwa mistari inayoachana mita 40 hivi, na mita 20 kutoka ukingoni, kwa mbio, macho yakitafuta glavu, fimbo ya skii au mguu uliochomoza. Usipite kitu kilichochomoza bila ya kukivuta. Ishara ikipatikana, kioo huonyesha mshale na namba, na hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Namba ile si umbali ulionyooka. Mawimbi ya kilohezi 457 yana urefu wa mita 656 hivi, kwa hivyo kwa umbali wetu kifaa kinasikia uga wa sumaku, na mistari ya uga huo imepinda kutoka ncha moja ya antena kwenda ncha ya pili. Mshale unakupitisha juu ya mpindo. Utajiona unazunguka, na kweli unazunguka; ilimradi namba inapungua, fuata. Ikianza kuongezeka mfululizo, geuka urudi ulikotoka. Nguvu ya uga huanguka kwa kasi: ukiongeza umbali mara mbili, inabaki sehemu moja kwa nane. Ndiyo sababu umbali wa kusikia ni makumi ya mita tu, na ndiyo sababu ukikaribia namba hushuka kwa ghafla.

Namba ikifika 10, punguza mwendo. Ikifika 3, piga magoti na ushushe kifaa mpaka kikaribie kugusa theluji. Kuanzia hapo kisizungushwe. Kielekee upande ule ule, usogeze mkono tu: mbele mpaka namba ianze kupanda, urudi kwenye namba ndogo kabisa, kisha kulia na kushoto kutoka hapo. Polepole. Mapigo ni moja kwa sekunde na kifaa kinahitaji muda wa kuhesabu. Mkono ukikimbia, namba unayoisoma ni ya pale ulipokwishapaondoka. Namba ndogo kabisa utakayoipata inakaribiana na kina alichofukiwa. Pale pale chora alama.

Wakifukiwa wawili au watatu, ishara hupandana. Vifaa vingi vina kitufe cha kumtia alama aliyekwishapatikana ili kifaa kimwache na kukupeleka kwa wa pili. Husaidia, lakini wakati mwengine kitufe hicho hukataa au humpoteza hata yule wa pili. Fanyeni mazoezi ya mmoja kwanza mpaka yawe ya mkono, ndipo muingie katika hilo.

Ufito hauna maneno mengi. Ni vipande vya alumini au kaboni vilivyotungwa kwenye kamba, unavirusha mbele, unavuta kamba, unafunga, na unapata fimbo ya sentimita 240 hadi 320. Chukua wa alumini wa 240 au zaidi. Wa kaboni ni mwepesi lakini ni ghali, na huvunjika ukikunjwa vibaya. Choma kwa pembe ya mraba na uso wa mteremko, si wima kuelekea mbinguni. Anza kwenye alama, zunguka kwa mzingo unaopanuka, sentimita 25 baina ya tundu na tundu. Ardhi hugonga kikavu, mtu hudunda kidogo. Ukimgusa, uache ufito hapo hapo. Anayeuchomoa ili akatazame tena anapoteza kila kitu alichokifanya.

Tumefika kwenye beleshi, na hapa tutakaa.

Ukihesabu dakika za uokoaji wowote, sehemu kubwa haimo kwenye kutafuta, imo kwenye kuchimba. Theluji iliyokuwa unga asubuhi, ikiporomoka husagika, hupata joto kidogo kwa msuguano, na ikisimama chembe zake hushikana ndani ya dakika chache, ikawa ngumu kama zege lililoshika. Mita moja ya ujazo ya theluji hiyo ina uzito wa kilo 300 hadi 500. Kumfikia mtu aliye kina cha mita moja, pamoja na njia ya kuingilia na nafasi ya kumgeuza, mtahamisha mita za ujazo mbili au tatu, yaani kilo 600 hadi tani moja na nusu. Kwa mikono haiwezekani. Kwa ubao wa skii haiwezekani pia, na msimwamini anayekwambieni amewahi.

Beleshi liwe la alumini, na mpini wa kurefuka wenye kishikio kinachoenea mkono uliovaa glavu. La plastiki hukunjika kwenye theluji ngumu, linateleza juu badala ya kukata, na kwenye baridi kali hupasuka. Zipo sampuli zinazopimwa kwa kiwango cha UIAA 156, cha shirikisho la kimataifa la wapanda milima, uliza kama lako limo. Tazama pia kama mabega ya bapa ni mapana kiasi cha kukanyagwa na buti. Baadhi hugeuzwa yakawa kama jembe, na hilo ni zuri kwenu. Mtu aliyelima muhogo Micheweni au Makunduchi anajua kuvuta kwa jembe kuliko vijana wengi atakaowakuta huko.

Makosa ya uchimbaji ni mawili, na yote hutokana na huruma. La kwanza ni kuchimba pale pale juu ya ufito, kwenda chini kama mchimba kisima. Unamkanyaga aliyefukiwa, unaubonyeza mwanya mdogo wa hewa alionao mbele ya uso, na shimo linakuwa jembamba hata huwezi kutupa theluji nje. Soma kina kwenye ufito, zidisha mara moja na nusu, teremka upande wa chini wa mteremko kwa umbali huo, na uanze kuingia kwa mlalo kuelekea kwenye ufito. Kina cha mita moja, unaanzia mita moja na nusu chini.

La pili ni kila mmoja kuchimba kwa nguvu zake na kumrushia mwenzake theluji. Njia iliyoenea sasa imeendelezwa na Manuel Genswein wa Uswisi: wachimbaji hupangika kwa umbo la V, ncha ikielekea kwenye ufito. Wa mbele anakata mabonge, hainui, anayasukuma nyuma. Wa nyuma yake wanayavuta na kuyapeleka mbali zaidi, kama watu wanaopiga kasia, katikati ya ile V. Baada ya dakika nne hivi, au kabla ya hapo wa mbele akichoka, kundi zima linazunguka nafasi moja kwa mwendo wa saa. Kubadilishana kuwe kwa amri ya mtu mmoja. Mchovu hajijui, atasema bado ana nguvu huku mabonge yake yamekuwa madogo. Anayeinua theluji na kuitupa juu ya bega huchoka mapema, na mgongo humuuma kesho yake.

Ukiona nguo, elekea kichwani. Fungua uso na kifua kabla ya kitu chengine chochote. Angalia mdomo: umeziba au wazi? Maelezo hayo madaktari watayauliza, kwa hivyo mmoja wenu ayakumbuke. Kama hapumui, miongozo ya Ulaya inasema kuanza na pumzi tano za kumpulizia, kwa kuwa tatizo lake ni hewa, kisha kubonyeza kifua mara 30 kwa pumzi 2 na kuendelea. Aliyekaa chini zaidi ya saa nzima huenda mwili umepoa sana. Asogezwe taratibu, alazwe tambarare, na msimhukumu kuwa amekufa kwa kuwa tu ni baridi na hajibu.

Kuna vifaa vyengine tutavipita. Begi lenye puto, linalojaa hewa mtu akivuta kamba, hufanya kazi kwa sababu katika rundo linalotembea vitu vikubwa hupanda juu kuliko vidogo. Puto humwongezea mtu ujazo wake. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba miongoni mwa waliokumbwa vibaya na maporomoko, vifo vilikuwa asilimia 22 kwa wasiofungua puto na 11 kwa waliofungua, na kwamba moja katika kila matano halikufunguka, mara nyingi kwa kuwa mwenyewe hakuivuta kamba. Halimkingi mtu na miti wala majabali. Vijiakisi vya Recco, yaani vibati vidogo vinavyorudisha mawimbi ya mashine ya waokoaji, vilivyoshonwa kwenye makoti husaidia kikosi chenye mashine yake kukutafuta. Mwenzako hana mashine hiyo. Anayekwambia koti lake lina kijiakisi kwa hivyo hana haja ya transiva, usitembee naye.

Na katika kazi za uwandani, jambo la kuangaliwa zaidi ni mahali pa kuchimbia shimo la ukaguzi. Mtakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, mtaipiga mara 30: kumi kwa kiganja kutoka kwenye kifundo, kumi kutoka kwenye kiwiko, kumi kutoka begani, na kuandika ilipovunjika. Kazi hii inavutia hata watu wanasahau kwamba wamekusanyika watatu, vichwa chini, juu ya mteremko ule ule wanaoutilia shaka. Mmoja achimbe, wengine wakae pembeni mahali pa usalama wakimwona. Pimeni nyuzi za mteremko kabla, na someni taarifa ya hatari ya siku hiyo. Daraja ni 1 hadi 5, na msidhani 3 ni katikati ya usalama na hatari. Sehemu kubwa ya ajali za Alpi hutokea siku za 2 na 3, watu wanapokuwa na ujasiri wa kutoka.

Mazoezi mnaweza kuyaanza hapa hapa. Transiva itiwe kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, ifukiwe nusu mita kwenye mchanga mkavu, juu ya alama ya maji ya bamvua. Nasema mchanga mkavu kwa sababu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mawimbi haya hupungua nguvu upesi ndani yake. Mtajifunza namba za uongo. Kaeni mbali na nyaya za umeme na kuta zenye nondo. Mazoezi ya beleshi, kinyume chake, yafanyeni kwenye mchanga majimaji, ambao ni mzito kuliko theluji yoyote, na mtajua ndani ya dakika mbili kwa nini kuna kupokezana. Wala msimfukie mtu, hata kwa mzaha, hata kwa sentimita chache. Fukieni gunia la makumbi.

Joto letu nalo halina urafiki na vifaa hivi. Betri za alkali zikiachwa ndani ya transiva miezi ya masika, huvuja na kula vibati. Zitolewe, vibati vifutwe, kifaa kikae pakavu. Msikiache ndani ya gari juani. Msitie betri za kuchaji isipokuwa mtengenezaji ameruhusu, kwa kuwa hushuka volti kwa namna nyengine na kipimo cha kioo kitakwambia zimejaa mpaka dakika zinapozima. Zikishuka chini ya nusu, badilisha. Wenye begi la puto la mtungi wa hewa wawaulize wenye ndege kabla ya kukata tiketi: mashirika mengi hutaka ruhusa ya mapema, na Marekani mtungi uliojazwa haupandi kabisa. Puto la feni ya umeme lina usumbufu mdogo zaidi uwanjani.

Transiva sita ziko juu ya meza, na betri zake zimo kwenye bahasha pembeni. Kila kundi la watu wanne lichukue moja, lizitie betri lenyewe, kisha makundi yote kwa pamoja yafanye ule upimaji wa asubuhi kwa hatua zote mbili, ndipo tutoke nje.